Vasco da Gama ya Rio de Janeiro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu wa pwani akisikia kwa mara ya kwanza kuwa Brazil kuna klabu ya mpira inayoitwa Vasco da Gama, huuliza swali lilelile, tena kwa mshangao. Ndiyo maana tunaanza nalo. Yanayofuata ni maswali ambayo wapenzi wa soka la Amerika ya Kusini huyauliza kila klabu hii inapotajwa.

Ni Vasco da Gama yuleyule aliyefika Mombasa na Malindi?

Ndiye huyo. Klabu ilianzishwa tarehe 21 Agosti 1898 jijini Rio de Janeiro, mwaka ambao Wareno walikuwa wakiadhimisha miaka 400 tangu baharia huyo afike India kwa njia ya bahari. Waanzilishi wengi walikuwa wahamiaji wa Kireno, vijana waliofanya kazi katika maduka na maghala ya mjini. Walitaka jina la kujivunia mbele ya wenyeji, wakachukua la shujaa wao.

Sisi tuna kumbukumbu tofauti. Safari hiyohiyo ilimfikisha Mombasa na Malindi Aprili 1498, na mnara wake wenye msalaba bado umesimama Malindi ukitazama bahari. Mwaka 1502 alirudi na kuilazimisha Kilwa imlipe ushuru mfalme wa Ureno, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini. Kwa hiyo simwambii mtu wa Kilwa alipende jina hili. Ninachosema ni kwamba miaka 25 baada ya kuanzishwa, klabu yenye jina hilo ilibebwa na wachezaji weusi, machotara na Wazungu maskini, na ilipotakiwa iwatupe ili ikae meza moja na matajiri, ilikataa. Jina ni la baharia, lakini heshima ya klabu ni ya watu hao.

Mbona jina kamili ni Club de Regatas? Walianza na makasia?

Walianza na makasia. Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo uliovuta umati Rio ulikuwa mbio za mashua katika ghuba ya Guanabara, na mpira ulikuwa bado mgeni. Aliyekulia Lamu au Unguja akishuhudia resi za ngalawa anaelewa haraka jinsi mtaa mzima unavyoweza kusimama ufukweni kwa ajili ya chombo kimoja. Vasco ilichukua ubingwa wa makasia wa Rio mwaka 1905 na 1906.

Hapo kuna jambo watu hulipita haraka. Mwaka 1904 wanachama walimchagua Cândido José de Araújo, mtu mwenye asili ya Kiafrika, kuwa rais wa klabu. Utumwa ulikuwa umefutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888, miaka 16 tu kabla. Vilabu vingine vya heshima vya Rio wakati ule visingempa mtu kama yeye hata kadi ya uanachama. Kwa hiyo yaliyotokea miaka ya 1920 hayakuangukia klabu hii kutoka mbinguni.

Soka iliingia lini?

Novemba 1915, Vasco ilipoungana na klabu ndogo ya Wareno iliyoitwa Lusitânia. Mechi ya kwanza rasmi ilichezwa tarehe 3 Mei 1916, daraja la chini kabisa, na Vasco ikachapwa 10-1 na Paladino. Walipanda ngazi moja moja hadi 1922, walipotwaa daraja la pili na kupata nafasi ya kucheza na wakubwa.

Camisas Negras ni akina nani?

Ni “Mashati Meusi”, kikosi cha 1923. Jina linatokana na jezi ya wakati huo, iliyokuwa nyeusi. Kipa alikuwa Nelson da Conceição, dereva wa teksi. Wenzake walikuwa vibarua, wafanyakazi wa viwandani na vijana wa mitaa ya nje ya mji waliookotwa kwenye timu ndogondogo, weusi, machotara na Wazungu wasio na kitu. Kocha alikuwa Ramón Platero kutoka Uruguay, na aliwafanyisha mazoezi makali kuliko ilivyozoeleka. Vijana wa vilabu vya kitajiri walikuwa wakifanya mazoezi wakipata nafasi. Hawa wa Vasco walikuwa na mapafu ya kukimbia hadi dakika ya mwisho, na mechi nyingi walizimalizia kipindi cha pili.

Kisheria soka lilikuwa la ridhaa, haikuruhusiwa kumlipa mchezaji. Wafanyabiashara wa Kireno walipata njia. Waliwaandika wachezaji kama waajiriwa wa maduka yao, na ushindi ukipatikana waliwapa bahasha ndogo. Bahasha hizo zilipewa majina ya wanyama kufuatana na ukubwa wake, kwa mfano wa bahati nasibu ya mitaani ya Brazil: mbwa kwa kiasi kidogo, ng’ombe kwa kikubwa. Hadi leo mchezaji wa Brazil akipewa bonasi ya ushindi huiita *bicho*, yaani mnyama.

Walicheza mechi 14, wakashinda 11, sare 2, wakapoteza 1 tu, dhidi ya Flamengo. Wakawa mabingwa wa Rio katika msimu wao wa kwanza wa daraja la juu.

Nini hasa kilitokea mwaka 1924?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Vilabu vikubwa havikukubali kushindwa na madereva na vibarua. Fluminense, Flamengo, Botafogo na wenzao walijitoa kwenye ligi wakaanzisha shirikisho jipya, AMEA. Vasco, bingwa mtetezi, iliambiwa inaweza kujiunga kwa masharti. Hakuna aliyeandika kwamba weusi hawaruhusiwi. Kilichotazamwa ni kazi ya mchezaji, na kama anajua kusoma na kuandika. Ililalamikiwa pia kuwa Vasco haina uwanja wa maana. Mwisho wa yote uchunguzi wa AMEA ukatoa orodha ya wachezaji 12 wa Vasco wasiofaa, 7 wa kikosi cha kwanza na 5 wa kikosi cha pili. Waondolewe, ndipo klabu iingie.

Tafakari jinsi sharti la kusoma na kuandika lilivyofanya kazi. Katika nchi ambayo watoto wa waliokuwa watumwa hawakujengewa shule, kumtaka mchezaji ajaze fomu kwa mkono wake kabla ya mechi ni kumchuja kwa rangi na kwa umaskini bila kutamka neno lolote baya.

Tarehe 7 Aprili 1924 rais wa Vasco, José Augusto Prestes, alimwandikia barua Arnaldo Guinle, rais wa AMEA. Ni barua fupi, ya ukurasa mmoja, yenye adabu zote za kiofisi. Alisema kuwa klabu haikubaliani na namna uchunguzi ulivyofanywa. Alisema wachezaji hao 12 ni vijana, karibu wote Wabrazili, walio mwanzoni mwa maisha yao ya mpira, na kuwafukuza hadharani ni kuwatia doa. Doa hilo halitatiwa kwa ridhaa ya watu wa nyumba iliyowapokea, wala chini ya bendera ambayo wao wenyewe wameipa utukufu. Kisha akahitimisha kwa kusema Vasco inaacha kujiunga na AMEA.

Mashabiki huiita *Resposta Histórica*, Jibu la Kihistoria. Vasco ilibaki kwenye ligi ya zamani pamoja na timu ndogo, ikatwaa ubingwa wa 1924 bila kupoteza mechi hata moja. Lakini AMEA bila Vasco ilikosa umati ambao timu hiyo ilikuwa ikiuvuta, na mwaka 1925 Vasco ikapokewa.

Kwangu mimi barua hii inazidi vikombe vyote vilivyomo kabatini São Januário, uwanja wa klabu. Kombe unaweza kulipata kwa bahati ya mkwaju wa penalti. Kukataa kwa maandishi, ukijua utabaki nje ya ligi ya wakubwa, hakutegemei bahati.

Kwa hiyo Vasco ndiyo klabu ya kwanza Brazil kuwachezesha watu weusi?

Hapana, na mashabiki wenzangu wanaosema hivyo wanaidhulumu Bangu. Klabu hiyo ya kiwanda cha nguo, nje kidogo ya Rio, ilimchezesha Francisco Carregal mwaka 1905, Vasco ikiwa bado inapiga makasia. Tofauti ni kwamba Vasco ndiyo iliyowashinda matajiri kwa kikosi cha namna hiyo, na ikakataa kurudi nyuma ilipobanwa. Wala tusijifanye kwamba wafanyabiashara wale walikuwa malaika. Walitaka ushindi, na waliutafuta pale ambapo vipaji vilikuwepo. Nia na faida vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

São Januário ulijengwaje?

Walisemwa hawana uwanja. Wakajenga mkubwa kuliko yote.

Wanachama na wapenzi walichanga, wenye maduka na wasio na maduka, katika kampeni ya kuandikisha wanachama wapya 10,000. Uwanja ulifunguliwa tarehe 21 Aprili 1927 mbele ya rais wa nchi, Washington Luís. Vasco ilifungwa 5-3 na Santos siku hiyo, lakini sherehe haikuharibika. Hakukuwa na uwanja mkubwa kuliko huo Amerika ya Kusini hadi Uruguay ilipojenga Centenario mwaka 1930, na ndani ya Brazil ulibaki wa kwanza hadi Pacaembu ya São Paulo ilipofunguliwa 1940.

Jina rasmi ni Estádio Vasco da Gama. São Januário ni jina la mtaa wa jirani, nalo ndilo lililoshika. Kwa kuwa uko juu ya kilima, klabu huitwa pia *Gigante da Colina*, Jitu la Kilimani.

Kabla ya uwanja wa Maracanã kujengwa, mikutano mikubwa ya Rio ilifanyika hapo. Tarehe 1 Mei 1940 Rais Getúlio Vargas alitangazia hapo kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa Brazil, na mtunzi Heitor Villa-Lobos aliongoza kwaya za maelfu kwa maelfu ya watoto wa shule uwanjani humo. Uwanja wa klabu ya wafanyakazi ukawa jukwaa la sheria ya wafanyakazi.

Ubavuni mwake kuna Barreira do Vasco, mtaa wa watu wa kipato kidogo ambao siku ya mechi huishi kwa uwanja huo: mishikaki, vinywaji, jezi, maegesho. Mwaka 2023, baada ya vurugu za mashabiki, mamlaka ziliufunga uwanja kwa watazamaji kwa miezi kadhaa, na walioumia kwanza ni wachuuzi wa Barreira. Leo uwanja unaingiza watu wapatao 21,000 hivi.

Hadithi ya chura ni ya kweli?

Mechi ni ya kweli. Chura, kila mtu ana imani yake.

Desemba 1937, usiku wa mvua, Vasco ilichelewa kufika kucheza na Andaraí, timu ndogo. Wachezaji wa Andaraí walisubiri kwa uungwana badala ya kudai ushindi wa mezani. Vasco ilipofika iliwafunga 12-0, bila huruma. Inasimuliwa kuwa mchezaji wa Andaraí aitwaye Arubinha alipiga magoti akaomba Vasco ikae miaka 12 bila ubingwa, bao moja mwaka mmoja. Kisha uvumi ukaenea kuwa amefukia chura chini ya nyasi za São Januário. Miaka ikapita bila taji, na uwanja ukafukuliwa kumtafuta chura. Ubingwa wa Rio haukurudi hadi 1945.

Anayefuata ligi zetu hahitaji kufafanuliwa kwa nini watu wazima walishika majembe. Nasi tunazijua timu zinazoingia uwanjani kwa kuruka ukuta.

Expresso da Vitória ilikuwa timu gani?

“Treni ya Ushindi” ni kikosi cha kuanzia 1945 hadi 1952, kilichotwaa ubingwa wa Rio mara tano: 1945, 1947, 1949, 1950 na 1952. Ademir alikuwa mshambuliaji, Danilo kiungo, Barbosa golini. Mwaka 1948 walikwenda Santiago, Chile, kwenye mashindano ya mabingwa wa Amerika ya Kusini, wakamaliza wa kwanza bila kufungwa baada ya sare ya 0-0 na River Plate ya Alfredo Di Stéfano. Miaka mingi baadaye shirikisho la bara, CONMEBOL, lililitambua taji hilo. Vasco hujiita bingwa wa kwanza wa vilabu wa bara kwa sababu hiyo, na inayo haki.

Na Barbosa? Kwa nini hutajwa kwa huzuni?

Moacyr Barbosa alikuwa kipa mweusi, na wengi waliomwona hawakumwona wa kumzidi katika zama zake. Tarehe 16 Julai 1950 alisimama golini Maracanã katika mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay. Pamoja naye walikuwepo Augusto, Danilo, Ademir na Chico wa Vasco, na kocha Flávio Costa, wa Vasco pia. Brazil ilihitaji sare tu. Dakika ya 79 Alcides Ghiggia alipiga shuti likapita kati ya Barbosa na mlingoti wake wa karibu. Uruguay ikashinda 2-1, na umati uliokaribia watu 200,000 ukanyamaza.

Walicheza 11. Aliyebeba lawama ni yeye, pamoja na mabeki Bigode na Juvenal, nao wenye asili ya Kiafrika. Barbosa alisimulia jinsi miaka 20 baadaye mwanamke mmoja dukani alivyomwonyesha kwa mwanawe akisema huyu ndiye aliyeiliza Brazil nzima. Alikumbusha pia kuwa kifungo kirefu kuliko vyote katika sheria za Brazil kilikuwa miaka 30, ilhali yeye alitumikia 50. Alifariki Aprili 2000.

Vasco haikumtupa. Alirudi kuidakia, akawa bingwa nayo tena, na leo kituo cha mazoezi cha kikosi cha kwanza kinaitwa CT Moacyr Barbosa. Kila kijana anayesajiliwa hupita chini ya jina hilo asubuhi.

Nani mchezaji mkubwa kuliko wote?

Roberto Dinamite, na mjadala ni mfupi. Mabao 708 katika mechi 1,110 akiwa na Vasco. Mabao 190 katika ligi kuu ya Brazil, rekodi ambayo haijavunjwa. Jina la baruti alipewa na gazeti mwaka 1971, alipofunga dhidi ya Internacional akiwa kijana mdogo. Mwaka 1980 alienda Barcelona ya Hispania, hakupendwa huko, akarudi nyumbani baada ya miezi michache, na katika mechi ya marejeo pale Maracanã akaifunga Corinthians mabao matano katika ushindi wa 5-2. Baadaye akawa rais wa klabu, kuanzia 2008 hadi 2014. Alifariki tarehe 8 Januari 2023, na mwili wake uliagwa São Januário, karibu na sanamu yake.

Romário naye ana sanamu, na bao lake la 1,000, kwa hesabu yake mwenyewe, alilifunga hapo tarehe 20 Mei 2007 kwa penalti dhidi ya Sport Recife. Bellini, aliyeinua Kombe la Dunia juu ya kichwa mwaka 1958, alikuwa nahodha wa Vasco. Na Marta, malkia wa soka la wanawake, alianzia Vasco alipotoka Alagoas akiwa binti mdogo.

Mataji makubwa ni yapi?

Ligi kuu ya Brazil: 1974, 1989, 1997 na 2000. Copa Libertadores, kombe kuu la vilabu vya Amerika ya Kusini, 1998, mwaka klabu ilipotimiza miaka 100, kwa kuifunga Barcelona ya Guayaquil, Ecuador, nyumbani na ugenini. Copa Mercosur, kombe jingine la vilabu vya bara hilo, 2000. Copa do Brasil 2011. Katika njia ya 1998 kuna bao la faulo la Juninho Pernambucano kwenye uwanja wa River Plate, nusu fainali, ambalo mashabiki wanaliimba hadi leo.

Watani wa jadi ni nani?

Flamengo. Upinzani ulianzia kwenye makasia kabla hawajagusa mpira, na mchezo wao huitwa *Clássico dos Milhões*, mechi ya mamilioni, kwa wingi wa mashabiki wa pande zote mbili.

Kwa nini ilishuka daraja mara nyingi?

Madeni, siasa za ndani na uongozi mbovu. Ilishuka 2008, 2013, 2015 na 2020, na mara ya mwisho ilikaa misimu miwili kabla ya kupanda 2022. Mwaka huohuo asilimia 70 ya kampuni ya soka ya klabu iliuzwa kwa 777 Partners ya Marekani. Wawekezaji hao walipoyumba, mahakama iliirudishia klabu usukani mwaka 2024, chini ya rais Pedrinho, aliyekuwa kiungo katika kikosi cha 1998. Katika miaka hiyo ya daraja la pili mashabiki hawakupungua. Wimbo wao mkuu unasema hisia hii haiwezi kukoma, na nimeona wakiuimba timu ikiwa nyuma.

Ule msalaba kwenye jezi ni wa nini?

Mashabiki huuita Msalaba wa Malta, ingawa kwa umbo si wa Malta hasa. Unakumbusha misalaba iliyochorwa kwenye matanga ya merikebu za Kireno. Hukaa juu ya mkanda unaokatiza kifua mshazari, mweupe juu ya jezi nyeusi.

Nianze kuitazama kwa mechi gani?

Tafuta fainali ya Mercosur, tarehe 20 Desemba 2000, nyumbani kwa Palmeiras. Vasco hujiita *Time da Virada*, timu ya kupindua matokeo, na usiku huo ndio ushahidi wake. Kufikia mapumziko Palmeiras walikuwa mbele 3-0 na uwanja mzima ulishaanza kusherehekea. Kipindi cha pili Romário akafunga penalti, akafunga nyingine. Beki Júnior Baiano akatolewa kwa kadi nyekundu, Vasco ikabaki na watu kumi. Dakika zikiwa zinakatika Juninho Paulista akasawazisha. Ndani ya muda wa nyongeza mpira ukagongana miguuni mwa mabeki ndani ya eneo la hatari, ukamwangukia Romário, naye akauweka wavuni.